Makofi Mawili Mwanzoni

Studio, juu ya fundi cherehani,
Ilala, Dar es Salaam.
Jumatatu, tarehe 4 Desemba.

Kaka Melkiori,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini shikamoo yako ni haki yako na mimi sijawahi kumdhulumu mtu kwenye salamu. Habari za Rombo? Migomba imeinuka baada ya ule upepo? Goti la Mama linaendeleaje na baridi ya huko? Mwambie mrija wa dawa ya kuchua nimemkabidhi Onesphory wa shangazi pamoja na barua hii, maana basi lake linaondoka kesho alfajiri. Achue asubuhi na usiku, na asimgawie jirani hata kidogo, namjua Mama. Wifi na watoto wape salamu zangu. Mimi ni mzima, ila usingizi ni haba na hasira ni nyingi, na sababu zake utaziona ukisoma mpaka chini. Nakuomba usome mpaka chini. Hujawahi kunifanyia hivyo, kwa hiyo naomba rasmi.

Utajiuliza kwa nini barua, zama hizi. Tangu Oktoba nimekutumia ujumbe wa sauti mara nne. Wa kwanza ulikuwa wa dakika sita na sekunde kumi, na alama za bluu zilitokea baada ya dakika tatu na kidogo. Yaani ulinisikiliza kwa mwendo wa mara mbili, kaka, sauti ya mdogo wako ikitoka kwenye simu kama ya kuku anayekimbizwa. Wa pili uliufungulia sebuleni watu wamejaa, hadi shangazi akanipigia kuuliza nani kagombana na nani. Wa tatu na wa nne hukuufungua kabisa. Simu nikipiga unaanza wewe, unamaliza wewe, unakata wewe. Ndiyo maana nimeandika. Karatasi haiongezwi mwendo, na ukiisoma kimya hakuna wa pembeni atakayesikia.

Kazi ipo, siwezi kumkufuru Mungu, lakini inanichosha kichwa. Kila anayepanda ngazi hizi neno lake la kwanza ni moja: ongeza. Kijana wa Bongo Fleva anataka wimbo wake upige kuliko wa mastaa wote. Kwaya inataka kinanda kiongezwe, halafu sauti ya kwanza iongezwe, halafu ya pili nayo inanuna, iongezwe. Mwaka wa saba sasa niko kwenye kazi hii, na mtu pekee aliyewahi kuniambia nipunguze ni fundi cherehani wa chini, naye hutumia mpini wa ufagio kugonga dari.

Kuna mteja wa magodoro aliyenitesa mwaka juzi mpaka nikakonda. Alitaka tangazo la redio ambalo mama akiwa jikoni atoke mbio. Nikamfanyia. Kituo kikalirudisha. Nikalirekebisha kidogo, kikalirudisha tena, na safari hii wakanieleza kwa upole kwamba wao hawapimi sauti inafika wapi ikiruka juu. Wanapima sikio la mtu litaionaje kutoka mwanzo hadi mwisho. Namba zao ni za hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo kelele inavyozidi. Wao wanataka hasi ishirini na tatu. La kwangu lilikuwa hasi tisa. Nilikuwa nimezidi kumi na nne nzima. Mteja akasema eti mashine yangu mbovu, akachukua godoro lake la sampuli akaondoka nalo kichwani. Nilikasirika wiki nzima. Baada ya hapo nikakaa chini nikajifunza kwa kusoma usiku, peke yangu, kama nilivyojifunza kila kitu changu. Nimeanza na habari hii kwa makusudi. Ishike.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha hapa.

Mama ameniambia umeshakata tiketi ya Alhamisi. Ijumaa tarehe nane kamati ya wafanyabiashara wa kichochoro chenu cha Kariakoo inakaa, nawe utasimama mbele yao useme kwamba Abdulrazak, katibu wao, alikula rushwa ya Bi Moza wa duka la mkabala akakupimia sauti kwa hila, na biashara yako ya viatu vya shule ikafa kwa sababu hiyo. Unajua wakikuamini nini kitatokea. Ukatibu watamvua, hilo dogo. Lakini ile meza yake ya kutengenezea saa pale mdomoni mwa kichochoro ni nafasi ya kamati, na kamati haimwachii meza mtu iliyemkuta na rushwa. Miaka kumi na moja amekaa pale na kioo chake jichoni. Ijumaa jioni anaweza kuwa amebeba meza kichwani anatafuta pa kuiweka, na Kariakoo hii wewe unaijua kuliko mimi, hakuna pa kuiweka.

Naomba nikukumbushe ilivyoanza, kwa sababu wewe ukisimulia huanzia siku ya ugomvi.

Ilianza Novemba ya mwaka jana. Spika milangoni zilikuwa zimefika kumi na tisa, niliwahi kuzihesabu, na kila moja inaita peke yake, viatu, mabegi, madaftari, sare, mpaka wateja wakawa wanapita wameziba masikio badala ya kuangalia bidhaa. Kamati ikakaa, ikanunua kipimo cha sauti, ikaweka sheria: hatua tatu kutoka kwenye spika, isizidi desibeli sabini na tano. Abdulrazak akakabidhiwa kipimo kwa kuwa ni mtu wa vitu vidogo na mkono wake hautetemeki. Kila Jumatatu saa moja asubuhi, kabla watu hawajajaa, alipita mlango kwa mlango. Anasimama hatua tatu, tangazo lako linapigwa lote, kipimo kinashika namba ya juu kabisa kilichoisikia na kubaki nayo kwenye kioo. Ikifika sabini na tano, anachukua ile chupa ya rangi ya kucha nyekundu ya mkewe Siwema, anapaka mstari kutoka kwenye kitufe cha sauti hadi kwenye mwili wa spika. Ukizungusha, mstari unakatika, umejulikana. Wewe mwenyewe ulicheka siku ya kwanza ukasema spika yako imepakwa kucha sasa imekuwa bibi harusi.

Desemba ukaja hapa kurekodi. Ulikuja saa sita mchana bila kupiga simu, nikiwa na kwaya ya watu kumi na wanane chumbani, ukasema dakika tano tu, Fotu, mimi ni kaka yako. Nikawatoa nje. Ukasimama mbele ya maiki, ukapiga makofi mawili, pa, pa, yale makofi yako ya enzi unatembeza soksi Msimbazi, halafu ukashusha sauti, ukaanza kubembeleza kana kwamba unamnong'oneza mama mmoja aliyekuja na mwanawe: karibu mama, mguu wa mtoto haudanganywi, njoo ujaribu. Kwa kweli uliongea vizuri. Ukamaliza, ukachukua kadi yako ya memori, nikataka kukwambia kitu, ukanikata ukasema wewe bonyeza vitufe vyako, kuuza niachie mimi. Ukashuka ngazi. Hukusikiliza hata mara moja tulichorekodi.

Januari ikafika. Wote tunajua kilichotokea. Wazazi waliingia kichochoroni wakielekea moja kwa moja kwa Bi Moza, fremu inayotazamana na yako, viatu vilevile, kutoka kontena lilelile. Ukaniambia sauti ya yule mama wa Kilwa unaisikia mpaka ndani ya meno, na ya kwako wewe mwenyewe uliyekaa chini yake huisikii. Ukamwita Abdulrazak apime tena. Akapima. Yako sabini na tano, ya Bi Moza sabini na tano. Ukamwambia arudie, akarudia, ikawa ileile. Ukaja hapa kwangu umevimba, ukaniuliza mimi kama mtu wa mashine inawezekanaje. Nikakujibu labda spika yake ni mpya. Jibu hilo nalo lishike, nitalirudia.

Februari ndipo ukapasuka mbele ya watu. Ulimwita Abdulrazak mwizi, ukasema watoto wake wanavaa viatu vya Moza, ukamwambia akajipake ile rangi ya kucha midomoni. Alivua kile kioo jichoni, akakifuta, akakirudisha. Machi ukafunga fremu, ukapanda basi. Kipimo kikawekwa kabatini na spika zikarudia vurugu yake. Sasa msimu mwingine uko mlangoni, kamati inataka kuanza tena kupima, na kabla ya kuanza wanataka wajue aliyekuwa anapima alikuwa mwizi au hakuwa. Ndiyo maana wamekuita.

Kaka, mimi nimekasirika tangu Machi, na kwa muda mrefu nilijiambia nimekukasirikia wewe tu.

Jumamosi Abdulrazak alipanda ngazi zangu. Alikuwa na kipimo amekifunga kwenye leso, na daftari kwapani. Alinisalimia kwa heshima, akakataa kukaa, akasema amesikia mimi ni fundi wa sauti na ni dada wa mtu anayemshitaki, na kwa sababu zote mbili amekuja kwangu. Akasema alichofanya yeye ni kusoma namba tu. Kama kipimo ni kibovu, aambiwe ni kibovu, atakubali ujinga. Lakini neno mwizi limemfikia mwanawe shuleni. Akanifungulia daftari. Jumatatu kumi na mbili, milango kumi na tisa, mwandiko kama wa mashine. Nikamuuliza kuhusu viatu vya wanawe. Akasema ni kweli walinunuliwa kichochoroni, vyeusi vya mkanda, ila vilinunuliwa kwako. Wewe mwenyewe ulimwongezea pea ya soksi ukamwambia ni za katibu. Umesahau.

Nikakichukua kipimo, nikakiweka sambamba na changu, nikapiga mlio mmoja usiopanda wala kushuka, chini, kati na juu. Kilikosea kwa nusu desibeli. Nusu moja tu, kaka, ambayo hakuna sikio la binadamu litakaloitambua. Nikamwambia kipimo chake ni kizima. Akashukuru, akakifunga tena kwenye leso. Kisha akageuka mlangoni akaniuliza kama kipimo ni kizima, na yeye alikisoma sawasawa, yule bwana alisikia nini? Kwa maana, akasema, nilimwangalia usoni siku ile na hakuwa anasema uongo. Alisikia kitu.

Mtu unamwita mwizi, naye anatafuta namna ya kukuamini.

Nikamjibu sijui. Akashuka. Na mimi nikakaa kwenye kiti changu, nisiweze kubonyeza hata kitufe kimoja mpaka jioni.

Najua, kaka. Nilijua tangu siku uliyorekodi. Kile kipimo cha kamati kinashika kilele, yaani pale sauti iliporuka juu kabisa, hata kama ni kwa kufumba na kufumbua. Sikio halihesabu hivyo. Sikio linahesabu kinachokaa. Mtu akigonga bati na nyundo mara moja, na mashine ya kusaga ikiunguruma saa nzima, vyote vinaweza kufika namba moja kwenye kipimo, lakini kinachokuumiza kichwa ni mashine. Makofi yako mawili ndiyo nyundo. Yalifika sabini na tano, Abdulrazak akaona sabini na tano, akapaka rangi yake kwa haki kabisa. Lakini maneno yako yaliyofuata, yale ya karibu mama, yalikuwa yanatembea kwenye sitini na moja. Makofi yalikula nafasi yote, sauti yako ikabaki sakafuni. Nilikuwa na uwezo wa kuyashusha kwa dakika moja na nusu. Ndilo nililotaka kukwambia uliponikata. Ukanikata, nikasema moyoni haya, nenda nayo.

Hilo ni la kwanza, na lingekuwa hilo tu ningeshalala usingizi.

La pili ni kwamba tangazo la Bi Moza nililifanya mimi.

Alikuja siku nne baada yako. Sikumtafuta, na wala hakujua kama wewe ni kaka yangu mpaka tulipokuwa tumemaliza. Alivua viatu mlangoni. Aliniuliza hiki kinafanya nini na kile kinafanya nini, nami nikamweleza, na akasikiliza. Nilipompigia alichorekodi akaomba arudie mara tatu, akaniuliza mwanangu, mbona nasikika kama nina mafua? Kaka, alikuwa sahihi, kulikuwa na mafua pale chini ya sauti, na katika miaka saba ni mteja wa kwanza kusikia kitu hicho. Basi nikamfanyia kazi ambayo sijawahi kumfanyia mtu. Nikakata mvumo wote wa chini. Nikabana sauti yake mpaka neno dogo na neno kubwa vikalingana. Nikainua ile sehemu ya sauti ambayo sikio limeumbwa kuishtukia, ileile ya mtoto akilia na mama yake akaamka. Kilele chake kilikuwa sabini na tano, wastani wake sabini na tatu. Elimu yote niliyojifunza baada ya yule mwenye magodoro nikaimwaga pale. Sitini na moja yako na sabini na tatu yake, tofauti kumi na mbili. Wanaoyasomea haya wanakadiria kila kumi ikiongezeka sikio linaona sauti imekuwa mara mbili. Yaani mlikuwa mmoja kwa zaidi ya wawili, na mstari mwekundu wa Siwema unaonyesha mko sawa. Hukuwa kichaa. Ulichosikia kilikuwepo. Na Abdulrazak alichosoma kilikuwepo.

Na ulipokuja kuniuliza, nikakwambia labda spika yake ni mpya. Ningeweza kukwambia yote Januari ileile, ukarudi na kadi mpya kabla wiki haijaisha, na msimu ulikuwa bado unao. Sikukwambia. Nilitaka uje kwangu uniombe. Nilitaka ukae kwenye kile kiti alichokaa Bi Moza uniulize hiki kinafanya nini, Fotu. Nilikuwa nakusubiri. Wewe badala ya kuja kwangu ukaenda kumvaa mtengeneza saa, na mimi nikanyamaza kwa kuwa sasa aibu ilikuwa imekua kubwa kuliko mdomo.

Kosa hilo naliomba radhi, kaka, na naliandika kwa kalamu ili usiniambie hukusikia. Lakini siombi radhi kwa kumfanyia mtu kazi nzuri. Na siwezi kujifanya sijachoka. Uliponitambulisha kwa wafanyabiashara wenzako pale Posta ulisema huyu ni mdogo wangu, anacheza na maredio. Nilipokuomba ile dari ya fremu yako niweke studio, ulisema kelele zitafukuza wateja, ukampangisha muuza mabegi. Nikaja kupanga huku juu ya cherehani, nikabandika magodoro ukutani kwa mikono yangu, nikajifunza namba hizi usiku bila mwalimu. Matangazo matatu nimekurekodia tangu nianze, na hakuna hata moja ulilowahi kukaa ukasikiliza mpaka mwisho. Haya yote hayapunguzi kosa langu. Nayasema kwa sababu nikiyaacha nitakuwa nimekupa barua nusu.

Leo asubuhi nilikwenda pale mdomoni mwa kichochoro kabla hajafungua vizuri. Nilimwambia Abdulrazak kila kitu, makofi, Bi Moza, na ile sijui yangu ya Jumamosi. Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka. Aliweka chini saa aliyokuwa ameishika. Halafu akaniuliza swali moja, kama kaka yangu anajua. Nikasema bado. Akasema basi nianze na kaka. Nisimwache mtu akatoka Rombo siku nzima kwenye basi, akasimama mbele ya watu kusema jambo ambalo dadake mwenyewe anajua silo. Itakuwa aibu kubwa kuliko yangu, akasema. Ndiye aliyenituma kuandika, si wewe wala dhamiri yangu. Nilipoinuka kuondoka akaniambia nikuulize kama zile soksi zingine unazo, maana mtoto kazipenda.

Ijumaa nitakuwepo kwenye kikao. Nitabeba spika moja na kipimo changu, na nitawapigia matangazo yote mawili kwenye sabini na tano ileile, wasikie wenyewe kwa masikio yao. Nitawaeleza kwamba wakitaka kupima haki, wasishike kilele, wachukue wastani wa tangazo zima kama wanavyofanya redioni, na kama wakiniruhusu nitamfundisha Abdulrazak namna ya kufanya kwa saa moja. Nitasema pia ni nani aliyekaa na jibu hili miezi kumi na moja. Huenda nikapoteza wateja wote wa kichochoro kile. Nimeshajumlisha hasara yangu. Yako siwezi kuirudisha, Januari imeshapita.

Kwa hiyo tiketi yako usiirudishe. Njoo. Ila usije kusema ulichopanga kusema. Njoo useme ulichosikia, maana ulisikia kweli, kisha umwangalie Abdulrazak umwambie neno moja unalolijua. Ukishindwa kulisema mbele ya watu, meza yake iko palepale, mwendee asubuhi akiwa peke yake. Na kama hasira zako ni nyingi kiasi kwamba hutaki kuja kabisa, basi Krismasi tutaonana huko nyumbani. Nitakaa upande wangu wa meko, nitakula nyama nitakayopewa na sitasema kitu. Hata hilo nitalielewa.

Msalimie Mama, mwambie mwanawe wa kwanza na wa mwisho watapatana, ila mmoja itabidi asome barua. Wasalimie shangazi na wote wa pale, na umwambie shangazi kwamba sasa ameshajua nani kagombana na nani. Wifi mwambie kitenge chake nimekipata, ile rangi aliyoitaka.

Ni mimi mdogo wako,
Fortunata.

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo, angalia isidondoke. Nimelirekebisha tangazo lako lile la Desemba. Nimekaa nalo tangu jana. Nilitaka niyatoe makofi kabisa, nikayatoa, nikasikiliza, ukawa si wewe tena. Ungekuwa mtu yeyote anayeuza viatu. Nikayarudisha, nikayashusha, nikainua maneno. Kilele sabini na tano, wastani sabini na mbili na nusu. Nusu nimemwachia Bi Moza, maana yeye ndiye wa kwanza kufanyiwa kazi ya namna hii. Tangazo lina sekunde arobaini. Lisikilize kwa mwendo wake.